Panya wa Kumi na Saba

Szeged, Februari. Theluji imegeuka tope
na mto Tisza unapita chini ya daraja bila kumtazama mtu.
Mimi Etelka, fundi wa maabara, mwaka wa kumi na tisa kazini,
nimekuandika mkiani kwa kalamu nyeusi: kumi na saba.
Hatuwapi majina. Profesa Halmágyi alikataza
tangu Csenge, mwanafunzi wake, alipompa mmoja jina la shangazi
akashindwa kushika mkasi.

Sindano ya kwanza saa mbili asubuhi.
Ya pili saa tatu. Ya tatu saa nne.
Kila saa naipenyeza chini ya ngozi yako amri ileile:
kongosho, toa maji yako, toa, toa tena,
mpaka tezi hiyo, laini kama jani la mchicha lililolowa,
isahau kuwa maji yale ni ya kuyeyushia chakula
na ianze kujiyeyusha.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Wao waliishia kwenye nguo.

Sitaki kusema uongo: moto huu nimeuwasha mimi.
Nimeuwasha kwa kipimo, kwa gramu, kwa saa,
ili baadaye nije na ndoo,
na kilichomo ndooni sikijui.
Jokofuni mna chupa mbili, zote rangi ya maji,
moja ya kifuniko cha buluu, moja cha njano.
Moja ni dawa ya kushusha uvimbe, miaka sita ya kazi ya watu.
Nyingine maji ya chumvi.
Siri imo katika bahasha, bahasha imo katika droo,
na ufunguo wa droo Halmágyi ameuvaa shingoni kama hirizi.

Wewe uliangukia njano.

Saa nane mchana uliacha kuzunguka.
Ukapinda mgongo, ukaficha pua, masikio yakalala,
macho ukayakaza kama anayesoma herufi ndogo.
Tuna karatasi ya kupimia sura hiyo:
sifuri, moja, mbili.
Niliandika mbili. Nikakuongezea tone la kutuliza maumivu.
Sheria inaruhusu. Sheria inalazimisha, hata,
ila mkono wangu haukuingoja.

Ng'ambo ya barabara ni hospitali.
Juzi nilipeleka sampuli, nikakatiza wodi ya wanaume.
Dereva wa lori kutoka Makó, mbeba vitunguu,
ameketi kitandani amekumbatia magoti,
mgongo upinde, macho ameyakaza.
Hakuna aliyemfundisha.
Mkewe ameshika beseni, anamwuliza muuguzi:
"Kwani hakuna sindano ya kitu hiki?"
"Maji ya mshipa," akajibiwa, "na kungoja."
Nusura niseme kwa sauti: mbili.

Saa mbili usiku tulimaliza.
Mwisho haukukuuma; hilo naweza kuliapia.
Kongosho lako juu ya mizani: limevimba, ndiyo,
lakini si kama la jirani yako wa buluu.
Nikalipima tena. Nikajikuta natabasamu,
kisha nikaona haya,
maana glavu zangu zilikuwa bado na joto lako.

Wiki mbili baadaye bahasha ikafunguliwa.
Njano ilikuwa maji ya chumvi.

Csenge alikaa chini. Halmágyi alifuta miwani, akaifuta tena.
"Panya ni wachache," akasema. "Tuongeze thelathini."
Hakuna aliyeniuliza kuhusu lile tone.
Nimeliandika daftarini, mahali pake, kwa herufi ndogo.
Basi nani aliyekupunguzia moto, kumi na saba?
Bahati? Mwili wako wenyewe, uliochoka kujila?
Na yule wa Makó, sijui alitoka kwa miguu au kwa machela.

Alhamisi masanduku yakaletwa. Weupe, wepesi, wadadisi,
wananusa kalamu yangu.
Nimeandika mpaka kumi na sita, kisha nikaruka.
Halmágyi atahesabu, atauliza.
Nitasema nilikosea.